Kundi Moja, Mafundo Saba

Jumatano, alasiri. Kibiti.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi. Hayanyeshi, hayaondoki. Nilifunga dirisha la ofisi nisiwasikie wapiga debe wa stendi wakiita abiria wa Ikwiriri, halafu nikalifungua tena kwa sababu joto lilinishinda. Nimepiga pasi shati ambalo silivai leo. Nimepanga kalamu kwa rangi. Hivyo ndivyo ninavyokuwa nikiogopa: napanga vitu.

Sijala tangu jana mchana.

Nimefanya kosa kubwa kazini. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nne. Sasa naiacha ilivyo.

Wanaopita kwenye blogu hii ni wachache na wengi hawanijui, kwa hiyo nieleze kidogo. Mimi ni karani wa utafiti wa ndege wa mashambani. Utafiti ni wa Dk. Salha, mwanasayansi wa uhifadhi, mwanamke mrefu asiyependa kuongea kabla ya kumaliza chai. Anataka kujua mashamba yetu ya mpunga yanalisha viumbe gani, na viumbe hao wanatufanyia nini. Kwelea kwelea kila mtu anawajua, wanakula mpunga. Lakini wapo yangeyange wanaookota panzi kwenye majaruba, wapo mbayuwayu wanaokula wadudu hewani, na wapo vipanga na bundi wanaokula panya. Dk. Salha anasema watu wanahesabu maadui tu. Yeye anataka kuhesabu wote.

Mimi siwahesabu ndege. Mimi naingiza hesabu kwenye kompyuta, napiga muhuri, natunza mafaili. Ni kazi inayotaka mtu makini, na mimi ni mtu makini. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Upande wa Dimani, kwenye bonde, kuna madungu saba yamepangana safu moja. Dungu ni kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ambamo mtu anakaa kuamia, yaani kufukuza ndege mpunga unapobeba. Akina mama wanakaa humo tangu alfajiri mpaka jua linapozama, kombeo mkononi, debe pembeni. Mkono wenye kombeo haushiki kalamu. Kwa hiyo Dk. Salha alikubaliana nao hivi: kila kundi la kwelea kwelea likitua shambani kwako, funga fundo moja kwenye kamba ya ukindu. Kila Jumanne mimi nakwenda kukusanya kamba saba, nahesabu mafundo, najaza fomu yenye mistari saba.

Chini ya mistari hiyo kuna kisanduku kimeandikwa Jumla.

Fomu yenyewe ni ya zamani, Dk. Salha aliirithi kutoka kwenye kazi nyingine. Ukurasa wa pili aliandika kwa mkono wake kwamba madungu yasijumlishwe, kisanduku kiachwe kitupu.

Niliyasoma maelezo hayo. Nataka niseme hili waziwazi, maana tangu jana nimekuwa nikijitafutia njia ya kusema sikuyaona. Niliyaona. Nilidhani ni jambo atakalolimalizia mwenyewe baadaye.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Ikwiriri mpaka alipostaafu. Nyumbani kwetu fomu yenye nafasi tupu ilikuwa aibu. Alikuwa anatufundisha kwamba mtu anayeacha nafasi tupu ama hajui, ama anaficha. Nilikua na imani hiyo. Nafasi tupu inaniwasha mikono.

Basi wiki mbili zilizopita afisa kilimo alileta ombi. Wakulima wa bondeni walikuwa wamelalamika sana, alihitaji hesabu ya makundi ya kwelea kwelea ili apeleke huko juu. Dk. Salha alikuwa ameshavuka kwenda Maparoni, kwenye visiwa vya delta, anakohesabu ndege wa mashamba yaliyopakana na mikoko. Kule simu inashika ukibahatika. Afisa akasema ni haraka. Nikaitoa fomu, nikaona kile kisanduku, nikaona aibu kumpelekea mtu mkubwa karatasi isiyokamilika.

Nikajumlisha. Nikapiga muhuri.

Afisa aliishukuru ofisi yetu kwa barua. Niliibandika ukutani. Bado ipo, naiona kutoka hapa nilipokaa.

Jumatatu wiki hii habari zikafika: ndege ya dawa inakuja Jumamosi jioni. Itanyunyiza kwenye matete ya bwawa, pale kwelea kwelea wanapolala. Mjini watu walifurahi. Hata mimi nilifurahi. Nilimpigia baba kumwambia hesabu niliyoiandika mimi imeleta ndege kutoka mbali. Nilimsikia akiwaambia majirani.

Jana, Jumanne, nilikwenda Dimani kuchukua kamba kama kawaida. Mvua ya ghafla ikanikuta katikati ya majaruba. Bi Somoe, mwenye dungu la kwanza, akaniita kutoka juu.

"Karani, panda. Au hiyo sketi imeshonewa kukaa ofisini tu?"

Msimu mzima nimekuwa nikisimama chini ya madungu na kupokea kamba kwa mkono ulionyooshwa. Sikuwahi kupanda hata moja. Ngazi zake ni fito tatu nne, na mimi naogopa kuanguka, naogopa kuchafuka, naogopa kuchekwa. Jana nikapanda kwa sababu ya mvua.

Mvua ikakatika mara moja, kama zinavyofanya mvua masika yakikaribia kuisha. Na ndege wakatoka.

Walitoka kwenye matete kama moshi unaojikunja. Wakazunguka mara mbili, wakashuka shambani kwa Bi Somoe wote kwa pamoja, na mabua yakainama. Bi Somoe alisimama. Kombeo likazunguka, tonge la udongo likapita likilia, akapiga debe, akatoa sauti ambayo sikujua mwanamke wa umri ule anayo. Kundi likanyanyuka. Halikwenda mbali. Lilivuka jaruba moja likatua shamba la pili, la Bi Siwema.

"Siwema we, pokea wageni wako," Bi Somoe akapaza sauti.

"Wameshakula kwako, kwangu waje kunawa mikono?"

"Wamesema kwangu hakuna kitoweo."

"Basi warudishe kwa mumeo, yeye ndiye mwenye shukrani."

Debe la Bi Siwema likalia. Kundi likanyanyuka likaenda shamba la tatu. Likapigiwa kelele, likaenda la nne. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa bado nacheka nilipomwona Bi Somoe ameketi, amevuta kamba ya ukindu kiunoni, amefunga fundo moja. Nikatazama kule kwa Bi Siwema. Naye alikuwa ameinamia kamba yake.

Nikaacha kucheka.

Nililifuata lile kundi kwa macho mpaka dungu la saba. Pale lilinyanyuka likazunguka juu ya mto na kurudi kwenye matete.

"Bibi," nikasema, "lile lilikuwa kundi moja?"

"Ulitaka mangapi?"

Ndiyo kazi yenyewe ya kuamia. Huwaui ndege, unamsukumia jirani, naye anamsukumia jirani yake, mpaka wachoke. Kila mtu huku anajua, watoto wanajua. Kila mwenye shamba alifunga fundo lake kwa haki, kwa sababu kundi lilitua kwake kweli. Dk. Salha alitaka kila kamba ijitegemee ili aone njia wanayopita: wanakaa sana shamba gani, wanaondoka upesi shamba gani, na kama mashamba yaliyoachiwa vichaka pembeni, wanakokaa vipanga, yananusurika. Kwa ajili hiyo alitaka mistari saba. Mimi nilichukua kundi moja nikaliandika kuwa makundi saba, kila siku, msimu mzima.

Sasa niandike jambo ambalo silipendi.

Wazo langu la kwanza pale juu halikuwa bwawa. Halikuwa wale yangeyange wanaolala kwenye matete hayohayo, wala vipanga watakaokula ndege walioanguka na kufa wao pia. Halikuwa hata wanawake saba wanaochota maji kwenye bwawa hilo. Wazo langu la kwanza lilikuwa muhuri. Niliuona muhuri wa mradi juu ya namba yangu, na saini yangu pembeni, imeandikwa vizuri.

La pili lilikuwa kwamba hakuna mwingine anayejua.

Nilishuka, nikakusanya kamba, nikasema asante, nikarudi mjini nyuma ya bodaboda nikiwa nimekumbatia mfuko. Nikakaa kimya jana yote. Nilijiambia labda mkataba wangu unaoisha mwezi ujao utakuwa umeshaongezwa kabla Dk. Salha hajagundua. Nilijiambia wakulima wenyewe wanataka dawa. Nilijiambia mambo mengi na yote yalikuwa na mantiki.

Leo asubuhi simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa Dk. Salha, kwa simu ya mwenye boti. Alitaka tu kujua kama nimemwagilia miche yake pale nje.

Ningeweza kusema ndiyo na kukata.

Nikamwambia yote. Sauti yangu ilikuwa inakwenda mbio hadi akaniambia nianze tena taratibu. Nilipomaliza, nilisikia injini ya boti na watu wakibishana kuhusu mzigo wa nani ukae wapi.

"Ulijumlisha safu yote?"

"Ndiyo, Daktari."

"Maelezo uliyaona?"

"Niliyaona."

Nilikuwa nasubiri anifokee, nilikuwa nahitaji anifokee.

"Radhi usiniombe mimi," alisema. "Boti inasubiri maji yajae, sifiki kabla ya Ijumaa usiku. Nenda kwa afisa sasa hivi. Usiandike barua kwanza, nenda kwa miguu yako."

Nikaenda. Afisa kilimo ni mtu mnene mwenye upole, na upole wake ulinivunja nguvu zaidi ya hasira. Alinipa kiti. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Nilipomweleza alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Binti, mimi nilipeleka karatasi yenye muhuri wenu. Leo nipeleke nyingine niseme ile ya kwanza niliota?"

Nikamwambia aseme karani alikosea.

"Na hao wakulima nitawaambia nini? Kwamba karani amekuja akaondoka na ndege yao?"

Nadhani machozi yalinitoka, kwa sababu aliacha kuongea akanisogezea kitambaa chake. Kisha akasema kwamba kwa maneno matupu hawezi kusimamisha chochote. Nimletee hesabu mpya, ya siku nzima, iliyohesabiwa inavyotakiwa, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Iwe mezani kwake Ijumaa kabla ya sala. Akiipata atapiga simu huko juu mwenyewe. Asipoipata, Jumamosi ni Jumamosi.

"Na hesabu mpya ikiwa bado ni kubwa?" nikauliza.

"Basi ndege itakuja kwa haki."

Siku nzima iliyobaki ni kesho tu.

Nilipanda bodaboda tena hadi Dimani. Njiani nilielewa jambo ambalo afisa alikuwa ameshalielewa bila kulisema. Hesabu mpya itatoka kwenye kamba zilezile, kwa mikono ileile. Na mikono hiyo inaitaka ndege ya dawa. Mtu yeyote anaweza kufunga mafundo kumi mahali pa moja. Nani atamlaumu?

Bi Somoe alikuwa juu ya dungu lake anakula muhogo uliochemshwa. Safari hii sikuitwa, nilipanda mwenyewe. Nikamweleza, na yeye akatafuna mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ulikosea," akasema, "na kosa lako limetuletea ndege."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa unataka kuwa sahihi, tukose."

Nilijaribu kumwambia kuhusu bwawa. Akanikata.

"Bwawa nalijua kabla mama yako hajazaliwa. Walishanyunyiza hapa. Tulivuna, alhamdulillahi. Na watoto waliokota ndege kapu kwa kapu, tukawakataza wasile, wengine wakala, wakaharisha wiki nzima. Maji tukawa tunafuata mtoni, tunachota jicho moja kwa mamba. Na yule bundi wa kwenye mkuyu hakulia tena. Mwaka uliofuata panya walikata mpunga tangu chini." Akatupa ganda la muhogo. "Usinihubirie. Yote hayo nayajua. Na mwaka juzi, bila dawa, nilivuna makapi. Hilo nalo nalijua. Wewe unajua lipi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi sijui kitu. Kwamba nilijua kujumlisha tu.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Kule mbele Bi Siwema alikuwa anatutazama, akaita:

"Somoe, karani analia nini? Kapeleka posa kakataliwa?"

"Kamsingizia mtu, anaona haya."

"Kamsingizia nani?"

"Ndege."

Kikawa kicheko dungu kwa dungu. Nikawasikia wakipokezana habari zangu kwenye ile safu, kila mmoja akiongeza kidogo, mpaka zikafika la saba. Nilitamani mbao za dungu zipasuke nidondoke.

Walipotulia Bi Somoe alinigeukia.

"Unaogopa kesho tutafunga mafundo ya uongo."

"Sijasema hivyo, Bibi."

"Uso wako umesema tangu ulipokuwa kwenye ngazi." Akakishika kile kipande cha kamba kiunoni mwake, akakivuta kama anayepima kama kimekaza. "Sikiliza, mwanangu. Mimi na hawa ndege tuna ugomvi wa siku nyingi. Nawapiga, nawatukana, wakianguka namwita paka. Lakini siwasingizii. Kundi likija ni kundi moja. Fundo ni langu, kujumlisha ni kwako."

"Na wenzako?"

"Wenzangu waulize wenyewe. Una miguu."

Nikashuka, nikaenda dungu kwa dungu. Bi Siwema alisema atafunga kama anavyofunga siku zote. Wa tatu na wa nne walisema hivyohivyo. Wa tano alisema ana watoto sita na hataki kusikia habari ya mafundo, nimwache. Wa sita alipiga debe mpaka nikaondoka. Wa saba, msichana wa rika langu aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliniuliza nikifukuzwa kazi nitakwenda wapi. Nikamwambia nitarudi kwa baba Ikwiriri. Akasema, "Una pa kurudi, basi."

Sina hasira nao. Ningekuwa mimi nimekaa juu ya fito zile tangu alfajiri, jua likinichoma upande mmoja na njaa upande wa pili, ningefunga mangapi?

Sijui kesho itatoa hesabu gani. Kama wa tano na wa sita wataongeza, nitaona kwa macho, na nitalazimika kuandika nilichokiona mbele ya wanawake hao niliowakosea. Kama hesabu ya kweli bado ni kubwa, Jumamosi jioni dawa itashuka kwenye matete, na nitakuwa nimejitangaza bure. Kama ni ndogo, ndege ya dawa haitakuja, na wale ndege wadogo watakuwa shambani kwa Bi Somoe Jumapili asubuhi kama kawaida. Mpunga utakaoliwa utakuwa mpunga wake. Mimi nitakuwa kivulini hapa, au nitakuwa Ikwiriri, nikimweleza baba.

Baba bado sijamwambia. Amenipigia mara mbili leo, nimeacha iite. Najua anataka kuuliza ndege itapita juu ya Ikwiriri saa ngapi, awatoe watoto nje waione.

Nimeibandua ile barua ya shukrani ukutani. Imeacha alama nne za gundi. Nimemwagilia miche ya Dk. Salha, nilikuwa nimeisahau siku tatu, mmoja umekauka.

Mwenye bodaboda atanifuata saa kumi na moja alfajiri. Bi Somoe amesema nije na sukari yangu, na nisivae ile sketi. Nitakaa dungu la kwanza, kundi likitoka nitalifuata kwa macho mpaka la saba na kuliandika mara moja, saa liliyotoka na saa liliyorudi kwenye matete. Kamba saba nitaziingiza kwenye mistari saba, kila moja peke yake. Nimeshachapa fomu mpya, ipo hapa mbele yangu.

Kisanduku cha jumla nitakiacha kitupu.